Somo Halijakamilika

Kishikwambi kinaniambia: Sema, hamjambo watoto.
Nasema.
Kinaniambia: Subiri sekunde tano. Tabasamu.
Natabasamu, mimi mwalimu wa miaka kumi na tisa hapa Kibosho,
nafundishwa na kioo namna ya kuonyesha meno.

Somo la thelathini na moja: sehemu.
Chora piza. Ikate vipande vinane.
Godlisten, ambaye mjomba wake anakaanga chipsi karibu na stendi ya Moshi,
anasema yeye ameiona, ni chapati iliyomwagikiwa mchuzi.
Darasa zima linacheka. Kicheko hakimo kwenye somo;
taa ya kijani inageuka njano.

Nikakifunika kwa khanga, kama afunikavyo mtu ndizi za kuvundika,
nikawaambia: vueni viatu, twende mfongoni.

Tulipita migombani mmoja nyuma ya mwingine,
udongo mbichi ukipanda katikati ya vidole.
Nduwa, lile bwawa dogo la matope, ilikuwa ikijaa tangu usiku.
Hapa watu wetu walijua hesabu kabla ya chaki:
fito moja, alama tatu za panga.
Maji yakishuka hadi alama ya juu, kina Olomi wamemaliza;
yakishuka hadi ya kati, wa ng'ambo wafunge;
na anayefungulia kabla ya zamu yake
hulipa kwa mbege na kwa aibu,
na aibu ndiyo ghali.

Hapo ningeweza kukomea,
nikaliita shairi hili "Mila Zetu",
nikapigiwa makofi kwenye semina, nikapewa soda.

Lakini mzee Kirita, mlinzi wa mfongo, akanyanyua jembe:
Wavulana wapite. Wasichana wabaki njiani.
Mwanamke akikanyaga hapa maji hukasirika, hurudi mlimani.

Nayajua maneno hayo. Nilikuwa na miaka tisa,
ndoo kichwani, na aliyeyasema alikuwa baba yangu.
Kaka zangu walijifunza theluthi kwa fito.
Mimi niliipata kwenye kitabu cha watoto wageni waliogawana matufaha,
tunda ambalo kijijini kwetu hakuna aliyelionja,
lakini lilikubali kuhesabiwa na msichana.

Basi niambieni, ninyi mnaoandika miongozo mkiwa mbali,
nanyi mnaoililia mila mkiwa viti vya mbele:
niegemee wapi?

Sikuegemea. Nilimshika mkono Aikaruwa,
binti wa yule mjane wa chini kabisa,
ambaye zamu yake hufika maji yameshakuwa jasho la mawe.
Nikampa fito. Nikamwambia: chovya.

Mzee akatamka neno la Kikibosho ambalo sitaliandika.
Jembe likabaki juu.
Maji hayakwenda popote.
Fito ikatoka imelowa hadi alama ya pili.

"Theluthi mbili," akasema Aikaruwa.
Kisha, bila kuulizwa, akiitazama ile fito na si mimi:
"Na kwetu haifiki hata robo. Kwa nini?"

Swali hilo halimo kwenye kishikwambi.
Kwenye fito pia halimo; nimeitazama pande zote.
Mzee Kirita akateremsha jembe, akajifanya anang'oa magugu,
akang'oa na miche yake ya magimbi.

Tulirudi kimya. Godlisten peke yake alihesabu hatua kwa sauti,
akapotea kwenye mia mbili na kitu, akaanza upya.

Jioni kioo kikawaka: Somo halijakamilika. Chagua sababu.
Umeme. Mtandao. Ugonjwa wa mwalimu.
Nikachagua: Nyingine.
Kikafunguka kisanduku chembamba, herufi ishirini, basi.
Kidole changu kilikuwa bado na tope.
Nikaandika: mtoto ameuliza.